Orkney: kituo cha kupimia mitambo ya mawimbi nakipa nyota 4, umeme wenyewe nyota 2

Wadau mlioniuliza kuhusu EMEC, kile kituo cha umeme wa mawimbi kule Orkney kaskazini ya Scotland, nimefika Stromness, mji wa hapo Orkney kilipo, na haya ndo maoni yangu.

Kwanza mjue wanachouza. Hawauzi umeme, wanauza mahali pa kufungia mtambo wako. Kituo kipo tangu 2003, wamelaza kebo chini ya bahari pale Billia Croo, ufukwe ulio karibu na Stromness, wana sehemu 5 kama kilomita 2 toka nchi kavu, kina kinafika mita 70, we unakuja na mtambo unaufunga pale, wao wanapima wimbi limekuja na nguvu gani na umeme umetoka kiasi gani, gridi ipo tayari inakusubiri. Kampuni changa ukiiambia ivijenge yenyewe hivyo vyote itafilisika kabla haijalowa maji. Na bahari yenyewe sio ya kuchezea, ni Atlantiki inakuja mzima mzima, wamewahi kupima wimbi la zaidi ya mita 17. Sisi wa pwani ya kwetu tuliozoea miamba kule nje ipunguze makali hata wakati wa kusi, hapa utabaki mdomo wazi.

Sasa umeme kwa nini nyota 2? Angalia waliopita hapo. Mashine ya Pelamis ndo ilikuwa ya kwanza duniani kuingiza umeme wa mawimbi ya bahari kuu kwenye gridi ya taifa, 2004, bomba refu la mita 120 linaelea, vipande vinne vimeunganishwa na viungio, wimbi likipita viungio vinajikunja vinasukuma mafuta ya haidroliki na mafuta yanazungusha jenereta. Ukiielewa unaipenda. Kampuni ikafa 2014. Ikaja Oyster, bamba kubwa la chuma lenye bawaba chini baharini, linapigwa na wimbi linasukuma maji kwa presha hadi kwenye turbaini iliyoko nchi kavu, nayo kampuni chali 2015. Penguin ya Wafini ikazama hapohapo 2019. Serikali ya Scotland ilishatangaza zawadi ya pauni milioni 10 mwaka 2008, wakaiita Saltire Prize, kwa atakayezalisha umeme wa GWh 100 (gigawati-saa, yaani uniti milioni 100) ndani ya miaka 2 kwa mawimbi au kwa maji kujaa na kupwa, na hela haikuchukuliwa na mtu.

Shida ni kwamba pesa unatengeneza na wimbi la mita 2 au 3 la kila siku, lakini chuma lazima ununue cha kuhimili lile la 17. Halafu kila fundi ana umbo lake, hawajakubaliana kama watu wa upepo walivyokubaliana na mapanga matatu, sasa kiwanda kitamtengenezea nani vipuri vingi kwa bei ya chini?

Ila wale jamaa wa Orkney wajanja bwana. Kila kampuni iliyokuja, iwe imekufa au iko hai, ilikodi boti za pale, wapiga mbizi wa pale, ikalala hoteli za pale, na wenyeji wakabaki na ujuzi wa kuvuta, kutia nanga na kulaza kebo. 2018 hata Microsoft wakaenda kuzamisha kontena lenye seva 864 palepale Billia Croo, likakaa miaka 2, mawimbi hayahusiki kabisa ila hela ya kukodi ni hela. Mimi hiyo ndo naiita sekta ya umeme wa mawimbi, maana umeme wa visiwa vile kwa kweli unatoka kwenye upepo, tangu 2013 wanazalisha kuliko wanavyotumia, mpaka kebo za kwenda bara zinazidiwa na mapanga yanaamriwa yasimame.

Wa siku hizi wananipa moyo kidogo. Mashine ya Blue X ya kampuni ya Mocean ilijaribiwa 2021, baadaye 2023 wakaifunga na betri iliyokaa chini ya bahari, lengo ni kulisha vifaa vya huko chini badala ya kushindana na bei ya gridi. Hapo kuna mteja, anayelipa vizuri.

Kwa watakaoenda: sio makumbusho, hamna tiketi. Feri toka Scrabster, bandari ya Scotland bara, hadi Stromness ni kama saa moja na nusu, ukifika Billia Croo unatembea ufukweni unaangalia, siku nyingine baharini hakuna mtambo hata mmoja, so ulizia kabla. Beba koti la kuzuia upepo, mwavuli acha nyumbani hautakusaidia kitu.