Kufufua Honda CG125 Mtwara: Gereji Inayojua Injini Kuliko Rangi

Gereji ninayoitathmini hapa ipo Mtwara mjini, kandokando ya barabara iendayo Mikindani, na riziki yake ya kila siku hutokana na bodaboda: kumwaga oili, kuseti tapeti (nafasi ya valvu), kufunga klachi mpya na kunyoosha rimu zilizopigwa na mashimo ya njia za vijijini. Kazi ya kufufua pikipiki za zamani huifanya kwa oda tu, kwa wateja wachache, na hakuna kibao wala tangazo linaloitaja. Niliwapelekea Honda CG125 ya miaka ya mwisho ya 1970, ile ya gia nne, umeme wa volti 6 na poinsi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Newala ambaye alikuwa ameihifadhi stoo, nyuma ya magunia ya korosho. Kwa upande wa injini sijaona gereji inayoishinda hii katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Kwa upande wa rangi, kromu na utunzaji wa kumbukumbu, mwenye pikipiki itambidi asimamie kazi mwenyewe hatua kwa hatua.

Wapo watakaoguna wakisikia CG125 inatajwa miongoni mwa pikipiki za kukusanywa, kwa kuwa heshima hiyo imezoeleka kupewa mashine za Uingereza na Ujerumani. Pale gerejini kwenyewe, pembeni, palikuwa na BSA Bantam isiyo na tangi ikisubiri zamu yake, na kila mgeni aliyeingia aliiendea hiyo kwanza. Sina ugomvi na Bantam. BSA ya Birmingham ilianza mwaka 1861 kama kiwanda cha silaha, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, na ilipoitoa Bantam mwaka 1948 ilikuwa imechukua mchoro wa DKW RT125 ya Zschopau, Ujerumani, uliotolewa kwa washindi wa Vita vya Pili vya Dunia kama fidia ya vita. Mchoro huohuo ulizaa pikipiki ya Harley-Davidson ya cc 125 kule Marekani, Moskva M1A kule Urusi, na mwaka 1955 ukazaa YA-1, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. Kwa hiyo anayeidharau CG125 kwa sababu imenakiliwa na kila mtu, huku akiitukuza Bantam, hajaisoma historia ya Bantam yake.

Kinachoipa CG125 hadhi ni sababu ya kuundwa kwake. Kabla yake Honda ilikuwa ikiuza pikipiki za cc 125 zenye kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu ya silinda, ukizungushwa na cheni ya taimingi. Injini ya namna hiyo huzunguka kwa wepesi na hutoa nguvu nzuri, lakini inadai oili safi inayopanda hadi juu bila kukosa, pamoja na cheni inayokazwa kila inapolegea. Wahandisi wa Honda walipokwenda kuangalia jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea, walikuta watu wanapakia mizigo mizito, wanapita kwenye vumbi na tope, na hawabadilishi oili mpaka injini ianze kulia. Wangeweza kuandika kitabu kinene zaidi cha maelekezo na kumlaumu mwendeshaji. Walichofanya ni kurudi mezani na kuibadili injini imfuate mwendeshaji alivyo.

Mabadiliko hayo yanaonekana mara tu kifuniko kinapofunguliwa. Kemshafti imeshushwa chini, ubavuni mwa silinda, na inazungushwa na gia, hivyo hakuna cheni ya taimingi ya kukaza wala ya kukatika. Kinachopanda juu ni pushirodi mbili, yaani fimbo nyembamba, zinazosukuma roka za valvu, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kemshafti ina nundu moja tu, ambayo hutumikia valvu ya kuingiza na ya kutoa kwa pamoja. Chujio la oili la karatasi, lile la kununua na kutupa, halimo; ipo wavu inayosafishwa, na chombo kinachozunguka pamoja na kranki kikiutupa uchafu pembeni. Cheni ya tairi la nyuma imefunikwa yote kwa boksi la bati, jambo ambalo vijana wengi wa bodaboda leo hawalijui kwa kuwa pikipiki zao huja na bati la juu pekee. Silinda yenyewe ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, vipimo ambavyo, kama nitakavyoeleza, vinasomeka hadi leo kwenye vijiwe vyote vya Mtwara.

Uzalishaji ulianza mwaka 1976. Mwaka huohuo Honda ilifungua kiwanda chake cha Manaus nchini Brazili, na CG125 ndiyo iliyokuwa pikipiki ya kwanza kutengenezwa pale. Kuanzia mwaka 1985 zile za soko la Ulaya zilitoka Brazili badala ya Japani, baadaye zikatoka Uturuki, na Pakistani nayo imekuwa ikizitengeneza tangu mwaka 1992. Kisha zikaja kopi za China, ambazo idadi ya viwanda vyake sidhani kama kuna mtu anayeweza kuitaja kwa uhakika. Chukua bodaboda ya Kichina ya cc 125 yenye injini ya pushirodi, iname upande wa kushoto chini ya injini, na mara nyingi utakuta pamegongwa 156FMI. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, nusu ikiwa imeachwa, kile kile cha Honda. F ni kupozwa kwa hewa. M ni pikipiki. Na I ni daraja la cc 125. Ndugu yake wa cc 150 hugongwa 162FMJ. Injini ya Honda yenyewe huanza na CG125E, na chesisi yake huanza na CG125.

Hapo ndipo penye mtego kwa mkusanyaji, na ndipo ubora wa gereji unapopimwa. Mwenye Bantam hulazimika kuagiza kila kitu kutoka Uingereza, na ugumu huo unamlinda, kwani hakuna kipuri cha bei rahisi cha kumshawishi. Mwenye CG125 anaishi mtaa mmoja na duka la vipuri. Gasketi, ringi, diski za klachi, pistoni, hata silinda nzima, vingi vya Kichina vinaingia kwenye injini ya Honda, na kwa sababu vinaingia vimekuwa vikifungwa kwa miaka mingi, mpaka pikipiki nyingi zinazoitwa Honda CG za zamani zimebaki Honda kwenye kadi na tangi tu. Kuikuta iliyo kamili ni kazi kubwa kuliko kuifanya iwake.

Fundi mkuu wa gereji hii alilielewa hilo kabla sijamaliza kulieleza. Aliigeuza pikipiki, akasugua grisi iliyoganda chini ya injini kwa brashi na petroli, akasoma namba kwa sauti, akailinganisha na iliyo kwenye kadi, kisha akapanda shingoni mwa chesisi na kufanya vivyo hivyo. Zilipolingana ndipo alipokubali kuifungua. Silinda ilikuwa imelika, akaipeleka kuchongwa kwa ukubwa wa kwanza wa ziada, yaani milimita 0.25, ili ibaki ileile iliyotoka kiwandani, ingawa kufunga mpya ya Kichina kungekuwa rahisi na kungempunguzia kazi. Pistoni ya saizi hiyo ilitafutwa Kariakoo na kuletwa kwa basi. Vipuri vyote vilivyotolewa nilirudishiwa ndani ya kiroba, kila kimoja kikiwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi, pamoja na beringi zilizochoka ambazo gereji nyingine huzitupa au huziuza kwa vyuma chakavu.

Naomba niseme jambo kuhusu wembe. Mafundi wengi wa bodaboda huseti tapeti kwa kuingiza wembe kati ya roka na valvu, na mara nyingi nimesikia watu wakiwacheka kwa hilo. Nafasi inayotakiwa kwenye CG125, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.08, na wembe wa kawaida una unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo fundi anayeujua mkono wake hayuko mbali na kitabu. Pale gerejini nilimwona kijana akiseti kwa wembe, kisha fundi mkuu akaja na kipimo cha vibapa vyembamba, akatikisa kichwa, akageuza nati kidogo mno, akapitisha kibapa mara mbili, akairudisha funguo mfukoni. Mlio ulibadilika. Ule mgongano mkavu uliokuwa ukisikika juu ya injini ulitoweka, ukabaki mdundo wa taratibu ambao mtu aliyewahi kupanda pikipiki hizi zamani ataufahamu akiwa bado hajaiona.

Kwenye umeme tulivutana kidogo. Mfumo wa volti 6 hutoa mwanga hafifu, na poinsi zinahitaji kusafishwa na kusetiwa mara kwa mara. “Kaka, ukiniruhusu nikuwekee injini nzima ya Mchina ya volti 12, hutahangaika tena, na hii tutaiweka kabatini,” fundi aliniambia, na nina hakika alisema kwa nia njema, kwani ndivyo angemshauri mteja yeyote anayetegemea pikipiki kumlisha. Nilikataa. Alinisikiliza, akasafisha poinsi, akabadilisha kondensa, na pikipiki sasa inawaka kwa kiki ya pili asubuhi. Taa ya mbele haifai kwa safari ya usiku kwenda Lindi. Nililijua hilo tangu mwanzo na silihesabu kuwa kosa lao.

Rangi ni habari nyingine. Mpulizaji alinyunyizia chesisi tabaka nene bila kuziba mahali palipogongwa namba, tarakimu zikajaa rangi hadi mbili za mwisho zikawa hazisomeki, na fundi mkuu, aliyekuwa amezihangaikia namba hizo kuliko mimi, hakuwepo siku hiyo. Ilibidi pakwanguliwe kwa uangalifu na kupakwa upya. Kwa pikipiki ya kawaida hilo ni dogo. Kwa hii, namba ndiyo uthibitisho kwamba iliyopo mbele yako ni ya kiwandani na siyo mkusanyiko wa vyuma, na pia ndiyo inayoangaliwa dhidi ya kadi siku ya kuuza. Gereji haina mtambo wa kromu, na badala ya kuniambia, walipuliza rangi ya fedha kwenye eksozi na kwenye rimu. Kwa macho ya mbali inang’aa. Kwa hewa ya chumvi ya mji huu, rangi ya kupuliza juu ya chuma kilichowahi kuwa na kutu haidumu, na karibu na vali ya tairi la nyuma tayari imeanza kubanduka. Ningependelea warudishe rimu zangu na kromu yake ya zamani yenye madoa, nami nikaamua mwenyewe kama nizitume Dar es Salaam. Stika za tangi nazo zilikuwa za pikipiki ya miaka ya karibuni, nikawaomba wazitoe.

Muda nao ni wa kupangilia. Ukiwapelekea pikipiki ya zamani kuanzia Oktoba, ujue umeipeleka kulala. Msimu wa korosho unapoanza, fedha huingia Tandahimba, Newala na Masasi, kila mwenye bodaboda anataka yake itengenezwe leo, na kazi ya mkusanyaji husogezwa ukutani bila hata kuombwa radhi. Baada ya masika ndiyo wakati mzuri.

Gharama yote, ukijumlisha uchongaji na vipuri vya Kariakoo, ilikaribia bei ya pikipiki mpya ya Kihindi, na kwa kazi ya injini niliyoipata siioni kuwa kubwa. Walitaka nusu kabla ya kuanza na nusu baada ya majaribio, na majaribio yenyewe waliyafanya nami nikiwa nimepanda, mpaka Mikindani na kurudi. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) walitoa, ila ilisema “matengenezo ya pikipiki” na jumla ya fedha tu. Atakayewapelekea mashine yake adai, kabla ya kulipa nusu ya pili, karatasi ya mkono inayotaja kila kipuri kilichofungwa, kama ni cha Honda, ni cha kopi au ni cha zamani kilichorekebishwa. Mimi niliidai, wakaniandikia bila ubishi, na mwenye ile Bantam nimemwambia aidai mapema, pamoja na kuwapa utepe wa karatasi wenye gundi wa kuzibia namba za chesisi kabla mpulizaji hajashika bomba lake.