Boksi la WITCH: sahani sita, shahidi mmoja

Mpiga besi hajazoea kutajwa. Kwenye mahoteli ya Bamburi na Nyali nilikopigia miaka mingi, mtalii alimjua mwimbaji, pengine na mpiga solo, basi. Ndiyo maana nikishika sahani yoyote ya muziki naligeuza jalada nyuma kwanza, nitafute nani kapiga nini. Na ndiyo maana boksi hili limenikalisha sebuleni hapa Tudor, Mombasa, wikendi nzima na joto lote hili, feni nimeizima isije ikapeperushia sindano vumbi.

Kwa wasioijua, WITCH ni bendi ya rock ya Zambia iliyovuma miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikila kwa shaba. Mwimbaji ni Emanyeo Chanda, maarufu kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Solo ni Chris Mbewe, gitaa la pili John Muma, kinanda Paul Mumba, dramu Boidi Sinkala, na besi, mwenzangu, ni Gedeon Mulenga waliyemwita Giddy King. Muziki huo wao na wa bendi wenzao ndio unaoitwa Zamrock. Kampuni ya Marekani ya Now-Again ilizikusanya albamu zao tano, kuanzia "Introduction" ya 1972 hadi "Including Janet" ya 1977, ikaongeza singo, ikazitoa pamoja mwaka 2012. Kuna boksi la sahani sita, na kwa asiye na mashine kuna la CD nne. Hili langu mpwa wangu alinibebea kutoka Ujerumani. Ukizunguka Mombasa yote kulitafuta dukani utachoka bure.

Sauti kwanza. "Introduction" ilirekodiwa kimaskini, na inasikika hivyo hivyo: dramu ziko mbali, gitaa limekwaruza, sauti ya Jagari inapasuka anapopanda juu. Wala sitaki wairembe. Kwenye bendi tulikuwa na fundi wa mitambo aliyekuwa akisawazisha kila kitu mpaka huwezi kujua nani amekosea, na muziki ukapoa kama chai ya jana. Utamu hasa uko kwenye "Lazy Bones!!" ya 1975. Mbewe amekanyaga fazi, kile kifaa cha mguuni cha kukwaruza sauti ya gitaa, nalo linanguruma kutoka mwanzo, na kijana mwingine wa besi angetamani kumfukuza. Mulenga hamfukuzi. Anabaki chini, anarudiarudia alichoshika, anamwachia mwenzake uwanja mzima. Nimeurudisha mkono wa mashine pale pale mara nyingi hadi mke wangu akauliza kama sahani imekwama. "Lukombo Vibes" ya mwaka uliofuata inaanza kurudi nyumbani, mapigo ya kwao yakijitokeza zaidi, na kwa sikio la Mpwani ndiyo nyepesi kuizoea.

Sasa historia, maana boksi la aina hii halinunuliwi kwa muziki tu. Mazingira unayapata: Rais Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na amri hiyo ikawapa vijana wale pumzi. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970 na pesa za starehe zikakauka. Vita vya jirani Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vikaleta amri za kutotoka usiku, bendi zikawa zinapiga mchana. Mchana! Aliyewahi kujaribu kuchezesha watu rock saa nane na jua kali anajua hiyo ni adhabu gani. Halafu Ukimwi ukaja ukawapukutisha. Katika kikosi kile cha zamani, Jagari ndiye aliyebaki.

Hapo ndipo penye mushkili wa kila anayetaka kuiandika bendi hii kwa haki. Jagari ni mzee mwenye kumbukumbu na heshima, na bila yeye tusingekuwa na la kusoma. Lakini yeye ni mwimbaji. Mwimbaji jukwaani hutazama watu, sisi ametupa mgongo. Yaliyopita kati ya dramu na besi, nani alileta ule mwendo wa wimbo, nani aligombana na nani juu ya malipo, hayo Mulenga na Sinkala wameondoka nayo. Mimi ningependa kila maelezo ya WITCH yatenganishe wazi lililoandikwa kwenye majalada ya wakati ule na lile lililosimuliwa miaka arubaini baadaye. Wajane na watoto wa wapigaji nao waulizwe. Mara nyingi picha na mikataba iko kwao, chini ya kitanda.

Sisi Mombasa tusijione wajanja. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ilitoka 1982, mtunzi Teddy Kalanda Harrison, mtu wa hapa hapa Pwani. Mwaka 1983 Boney M., kundi la disko la Ujerumani, wakatoa yao, na hadi leo utamkuta mtu mzima anabisha kwamba wimbo ni wa wale, au kwamba ni wa jadi hauna mwenyewe. Na hiyo ni bendi ambayo watu wake tulikuwa tukisalimiana nao.

Jambo jingine lisilonikaa vizuri ni kwamba boksi linasimama 1977. Kwa mwenye mapenzi na rock hiyo ni sawa. Kwa historia ya bendi, hapana, kwa sababu WITCH waliendelea bila Jagari, wakaingia disko, Patrick Mwondela akiwa kwenye vinanda, wakatoa "Movin' On" 1980 na "Kuomboka" 1984. Wapenzi wa fazi hukunja uso wakiisikia hiyo ya pili. Mimi niliyepiga disko kila Jumamosi ili nilipe kodi ya nyumba sioni aibu yoyote hapo. Jagari mwenyewe amerudi na Mwondela huyo huyo, wakatoa "Zango" mwaka 2023, kwa hiyo tafuta na hizo uziweke kando ya boksi.

Ukilipata, usilale nalo karibu na dirisha la upande wa bahari. Karatasi ya majalada inanyonya unyevu, na ukungu wa hapa kwetu hauulizi bei. Zisimamishe sahani wima kabatini. Na kama mfuko hauruhusu boksi zima, chukua "Lazy Bones!!" peke yake, sauti ya besi uiongeze kidogo.