Vitz KSP90 kutoka inchi 14 kwenda 15: uzoefu wangu na 185/60R15

Kwa Toyota Vitz ya toleo la pili, KSP90 yenye injini ya cc 1000, saizi ya tairi ninayotumia na ninayoipendekeza ni 185/60R15 (upana mm 185, ukuta wa ubavuni asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) juu ya rimu ya 15x6J, yaani yenye upana wa inchi 6. Hiyo ni kwa anayeshinda kwenye lami. Anayelala na kuamka kwenye barabara ya vumbi na makorongo abaki na inchi 14, nitaeleza sababu. Inchi 16 sizishauri kabisa. Ni kweli Vitz RS ilitoka kiwandani na 195/50R16, lakini RS ni gari lenye springi na shokapu zake, na ukuta wa tairi hilo ni milimita 97 na nusu tu. Shimo moja la usiku linatosha kupinda rimu.

Mahesabu kwanza, maana wauzaji wengi huangalia kama tairi linaingia, basi. KSP90 nyingi zilikuja na 165/70R14. Ukuta wake ni asilimia 70 ya 165, yaani mm 115.5. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu (14 x 25.4 = 355.6), unapata kimo cha mm 586.6. Tairi la 185/60R15 lina kimo cha mm 603, limezidi kwa asilimia 2.8. Mpaka wangu ni asilimia 3, na hapa tumeukaribia. 185/55R15 inatoa 584.5, karibu sawa kabisa na ya kiwandani, ila unapoteza karibu mm 14 za ukuta na gari linaanza kugonga. 195/55R15 (595.5) nayo inakubalika kwa kimo, lakini kwa injini ya cc 1000 upana huo ni mzigo usio na faida.

Ya kukataa ni 185/65R15. Imejaa madukani kwa sababu magari mengi yanaitumia, na utaambiwa "inanyanyua gari". Kimo chake ni 621.5, karibu asilimia 6 juu ya asili. Mshale ukisoma 50 uko kwenye 53, na kwenye kijiji chenye kibao cha 50 na askari mwenye tochi hiyo si tofauti ya kupuuza. Ukikata usukani hadi mwisho huku umepakia, tairi linaweza kuanza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi. Kunyanyua kwenyewe ni nusu tu ya tofauti ya kimo: mm 17. Kwa 185/60R15 unapata mm 8. Anayetaka gari lipande juu atafute suluhisho kwenye springi, si kwenye matairi.

Sasa rimu, ambako ndiko pesa nyingi hupotelea. Vitz ina nati 4 kwenye duara la mm 100, kwa hiyo tafuta rimu iliyoandikwa 4x100. Rimu nyingi za spoti zina matundu 8, yaani 4x100 na 4x114.3 kwa pamoja. Zinafaa, mradi ufunge kwenye matundu sahihi. Angalia pia namba ya ET nyuma ya rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari; ikiwa ndogo, rimu inatoka nje zaidi. Ya kiwandani ni 5J, ET39. Rimu ya 6J yenye ET40 inatoka nje kwa karibu mm 12 na kuingia ndani kwa karibu mm 14 zaidi ya ile ya asili, na bado inapita shokapu na madigadi bila shida. Kuanzia ET38 hadi ET45 nina amani nayo. Ukikuta 6.5J yenye ET35, inatoka nje mm 23: inarusha tope kwenye milango, na gari likibeba watu watano, nyuma inagusa ukingo wa madigadi. Mtu akikwambia tatizo la ET linatibika kwa spesa (kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu), mshukuru na uondoke.

Tundu la kati la rimu lazima likae juu ya habu ya Toyota (kitovu ambacho rimu hufungwa), ambayo ni mm 54.1. Rimu za spoti nyingi zina 67.1 au 73.1, kwa hiyo zinabaki zinaning'inia kwenye nati tu, na mtetemo unaanza kwenye usukani ukifika spidi ya 80 hadi 100. Watu hubalansi tena na tena bila kupona. Dawa ni ringi za kati, kwa mfano 73.1 kwenda 54.1, nne, za bei ndogo. Kabla ya kuziweka safisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya. Rimu ya Honda Fit ni 4x100 pia, tundu lake ni 56.1, lakini nati za Honda zina kitako cha mviringo na za rimu za spoti zina kitako cha koni. Ukizichanganya nati inashika sehemu ndogo tu na hulegea. Nati za Toyota zenye washa bapa nazo ni za rimu zake maalumu. Uzi ni M12x1.5, na nati inatakiwa iingie angalau mizunguko 8 (mm 12 gawanya kwa 1.5).

Rimu za mtumba zizungushwe kwenye mashine ya kubalansi zikiwa tupu, kabla tairi halijavalishwa. Mpindo wa ukingo wa ndani hauonekani kwa nje. Iliyochomelewa usiinunue hata ikipakwa rangi nzuri.

Kwa matairi, kiwango cha uzito cha asili ni 81 (kilo 462 kwa tairi). 185/60R15 nyingi ni 84 (kilo 500), hapo uko salama. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kwenye matairi yaliyotumika kutoka Japani kwepa yenye neno STUDLESS. Ni ya theluji, mpira wake ni laini, na kwenye lami ya jua kali yanaisha haraka na kuyumbisha gari kwenye kona.

Kufunga: nati kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa msalaba, kisha spana ya kipimo kwenye Nm 103. Bunduki ya upepo ya fundi hukaza kupita kiasi, na siku ya pancha utaruka juu ya spana bila mafanikio. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti ya mbele ipimwe pia. Ya nyuma kwenye Vitz haina marekebisho.

Barabarani gari linatulia zaidi kwenye kona na likipishana na basi. Mlimani, mfano Kitonga ukiwa umepakia, utahisi uzito. Gia zimekuwa ndefu kwa ile asilimia 2.8 na injini haina cha kuongeza. Kilomita 100 za kweli mita inaandika 97, kwa hiyo ukigawa kilomita kwa lita utadhani mafuta yanaliwa kuliko hali halisi.

Kwa barabara mbovu: 175/70R14 kwenye rimu za asili. Kimo 600.6, ukuta mm 122.5. Ni chaguo bora kuliko kila nilichotaja hapo juu, halipendezi tu kwenye picha.

Spea tairi ikibaki ya zamani ya inchi 14, isifungwe mbele kwa safari ndefu. Pancha ikiwa mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea iende nyuma, ili difrensha (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele) isifanye kazi muda wote kulinganisha vimo viwili. Na weka garini nati nne za asili kwa ajili ya rimu ya chuma ya spea.