Uchambuzi wa Samsung T7: Diski ya Kuhamishia Faili kati ya Windows, Mac na Linux

Habari zenu, watazamaji wapenzi. Hii niliyoishika mkononi ni diski ya nje ya Samsung T7, na leo sitaishia kwenye kasi yake, maana hiyo imekwisha kuzungumzwa sana. Ninachotaka kujua ni kama mtu aliyehifadhi picha, nyaraka na video za miaka mingi katika kompyuta ya Windows, ambaye sasa anatumia Mac nyumbani na Linux kazini, anaweza kuiamini ivushe vitu vyake vyote bila kupotea hata kimoja.

Umbo lake ni la alumini, uzito ni gramu 58, na ndani ya boksi mna kebo mbili, moja ya USB-C na nyingine ya tundu pana la USB-A, kwa hiyo hata laptopu ya zamani inaweza kuitumia. Mtengenezaji anataja kasi ya kusoma inayofika megabaiti 1,050 kwa sekunde, lakini ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0, hutapata hata megabaiti 60. Kagua tundu la kompyuta yako kabla ya kuilaumu diski.

Thamani yake kubwa kwetu ni kwamba inatoka kiwandani ikiwa imefomatiwa, yaani imeandaliwa kupokea faili, kwa exFAT, namna ya kupanga faili inayokubalika kwa mifumo yote mitatu. Kila mfumo endeshi una namna yake ya kupanga faili: Windows hutumia NTFS, Mac hutumia APFS, na Linux mara nyingi hutumia ext4. Mac husoma diski ya NTFS lakini haiandiki humo bila programu ya ziada, na Windows ikipewa diski ya APFS haitambui kilichomo, tena mara nyingine hukushauri uifomati, na ukikubali ushauri huo umepoteza kila kitu. FAT32, namna nyingine ya zamani, inasomeka kote, ila haipokei faili moja inayofika GB 4, na video ndefu ya harusi huvuka kiwango hicho kwa urahisi. exFAT, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2006, haina kizuizi hicho, na baada ya maelezo yake ya kiufundi kuchapishwa mwaka 2019, Linux nayo iliiingiza katika kiini chake.

Udhaifu wake upo, nao mnapaswa kuujua. Tofauti na NTFS na ext4, exFAT haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo ukiichomoa diski katikati ya kuandika, faili zinaweza kuharibika. Mimi nilipoteza picha za ndoa ya dada yangu kwa kuchomoa flashi kwa haraka, na tangu siku hiyo sichomoi chochote kabla ya kompyuta kuniruhusu.

Majina ya faili nayo yanahitaji uangalifu. Linux hukubali karibu alama yoyote, ilhali Windows na exFAT hukataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota na nyingine kadhaa, hivyo faili niliyoiita “Bajeti: 2019?” iligoma kunakilika mpaka nilipoibadilisha jina. Hatari zaidi ni herufi kubwa na ndogo: kwa Linux, “Harusi.jpg” na “harusi.jpg” ni faili mbili, lakini kwa exFAT ni jina moja, na ukikubali kubadilisha iliyotangulia, picha ya kwanza imekwenda. Ndiyo maana mimi hulinganisha idadi ya faili pande zote mbili kabla ya kufuta za zamani. Mac huacha vijifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, kwa hiyo idadi ikizidi msishtuke. Ikipungua ndipo mtafute.

Kuhusu neno la siri, T7 ina ulinzi wa AES wa biti 256, njia ya kuficha data kwa msimbo, lakini programu ya Samsung ya kuufungua ni ya Windows, Mac na Android, si ya Linux. Mwenye Windows na Mac pekee auwashe bila wasiwasi. Mwenye Linux miongoni mwa kompyuta zake aiache diski bila neno la siri, kisha nyaraka za siri azifungie ndani ya VeraCrypt, programu ya bure inayopatikana kwa mifumo yote mitatu. Kwa masharti hayo, mimi ningeinunua tena.