Draiva ya "dawa ya slaisi" niliyouziwa: imefika Mtwara bila spana yake

Nyota moja, na hiyo ni ya kichwa cha fimbo, si ya aliyeniuzia. Draiva ya mtumba (fimbo ya gofu ya kupigia mbali), ile ya kugeuza shingo, yaani pale kichwa kinapoungana na shafti, niliuziwa kama dawa ya slaisi, mpira kukatika kulia; imefika stendi na basi la Dar ikiwa imefungwa vizuri, spana hakuna. Bila spana shingo haigeuki, na kugeuka kwake ndiko nilikokulipia. Nilipompigia simu akaniambia: "Mzee, kwani huko Mtwara mnacheza gofu? Si utaangulia mabibo tu?" Bibo likiiva linaanguka lenyewe, na korosho tunaokota chini. Mtu asiyejua hata hilo anapata wapi ujasiri wa kutudharau huku amekwisha kula hela yetu?

Akaongeza eti nitumie spana yoyote ya fundi baiskeli. Msimsikilize! Skrubu nyingi za shingoni zinataka ncha ya nyota ya saizi T25, na spana yake ina kikomo: ikifika nguvu ya kukaza ya kama Nm (nyutoni mita) 4.5 inalia "ka", unaacha. Ukikaza kwa nguvu za mkono, meno yanalika. Ukiacha imelegea, kichwa kinacheza, mwisho shafti inakatika.

Na fimbo yenyewe imekuja imewekwa kwenye mwinuko mdogo kabisa, yaani pembe ya uso kulalia nyuma. Kwenye shingo nyingi za namna hii ukipunguza mwinuko uso unafunguka (unatazama kulia), ukiuongeza unajifunga (unatazama kushoto). Yaani mtu anayelalamika mpira unamkatikia kulia ametumiwa fimbo iliyofunguliwa uso. Niliazima spana Lindi, kilomita zaidi ya 100, nikapandisha kutoka digrii 9 hadi 10.5. Mpira ukapunguza kukata, siwezi kusema uongo. Mwinuko ukiongezeka mpira unazunguka zaidi kwa nyuma, na mzunguko wa pembeni unakosa nguvu ya kuuvuta. Haya, nyota mbili. Tatu hata, kwa fimbo peke yake.

Lakini kuiita dawa! Slaisi inatokea pale uso unapokuwa wazi kuliko njia ambayo fimbo inapita. Mpira unaanza safari kwa kufuata uso, zaidi ya robo tatu ya mwelekeo unatoka hapo, kisha unapinda kuikimbia njia. Ndiyo maana ushauri wake wa pili, "lenga kushoto zaidi", umenikera kuliko hata ule wa mabibo. Ukigeuza mabega kushoto, fimbo inakata mpira kutoka nje (mbali na mwili) kuja ndani zaidi, na slaisi inakua.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, anzeni na mshiko, kabla ya kununua chochote. Mkono wa kushoto ugeuzwe kulia mpaka ukitazama chini uone vifundo vya vidole viwili, hata vitatu. Ile V ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia, mikono yote miwili. Halafu msibane. Kwa joto hili la pwani mikono inatoa jasho, mpini unateleza, mtu anabana, vifundo vya mikono vinakataa kugeuka na uso unabaki wazi. Osheni mpini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushwe. Kitambaa kikavu mfukoni ni lazima.

Mpira ukae mkabala na kisigino cha kushoto, kijiti cha kuwekea mpira kiwe na urefu wa kufanya nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva, bega la kulia liwe chini kidogo ya la kushoto. Njia ya fimbo irekebishwe kwa chupa tupu ya nusu lita: ilale nje kidogo ya mstari wa mpira, shubiri moja nyuma yake. Ukiigonga, bado unakuja kutoka nje. (Msiweke kifuu cha nazi, kitachubua rangi.)

Pia pakeni poda ya mtoto kwenye uso wa fimbo, mpige, mtazame alama. Ikiwa upande wa kisigino cha fimbo, ule wa karibu na shafti, kichwa chenyewe kinauzungusha mpira kukata kulia hata kama mkono uko sawa. Hapo sogeeni nyuma kidogo. Na kipimo kifanyike asubuhi kabla kusi haijapanda pale ufukweni Shangani, kwa sababu upepo wa mbele unaizidisha slaisi na utailaumu fimbo bure.

Hayo yote muuzaji hakuyataja. Kwa hiyo narudi kwenye nyota moja. Msigeuze shingo katikati ya raundi, kanuni zinakataza, sembuse kwetu tunaoazima spana. Juzi nimempigia tena, anasema spana ipo njiani. Basi la Dar linaingia hapa kila siku.