Bana ya kando kwa grili ya gesi: nimeitumia karibu miaka miwili hapa Kisumu

Shemeji yangu wa Kakamega anataka kununua grili ya gesi na swali lake ni moja tu, aongeze elfu saba achukue ile iko na bana ya kando ama achukue ya kawaida abaki na pesa zake. Ameniuliza mimi juu sisi tuliinunua mwaka juzi, tuko Mamboleo, na yetu imetumika kweli, si ile ya kukaa imefunikwa turubai ikingoja Krismasi. Nilianza kumjibu kwa simu nikaona maneno ni mengi, wacha niandike yote mara moja.

Kwa wale hawajaiona, ni bana moja tu kama ya jiko la gesi la ndani, imewekwa kwa ile rafu ya upande wa kulia wa grili, iko na kifuniko chake cha bati na nobu yake, na inakula gesi kwa mtungi huo huo wa grili. Kijana wa dukani alituambia itatusaidia kupasha sosi ya nyama. Sosi hiyo hatujawahi kuipasha hata siku moja, nyama yetu inaliwa na chumvi, kachumbari na pilipili basi. Kwa hivyo sababu aliyotupatia dukani haikuwa sababu.

Sababu ni samaki.

Nyumba yetu ni ya kupanga, jikoni imefunguka moja kwa moja kwa sebule na kuna dirisha moja dogo. Nikikaanga ngege (tilapia) wanne Jumamosi, harufu inalala kwa mapazia mpaka Jumatano, sweta za shule zinanuka, hata mito ya kiti. Mimi nimekulia karibu na ziwa na samaki ni chakula changu cha kwanza, lakini harufu ya mafuta ya samaki wa jana ndani ya nyumba iliyofungwa ni kitu ingine kabisa. Na omena ndo usiseme. Sasa siku hizi mzee wangu akishuka Dunga, pale ufuoni wa ziwa, asubuhi akarudi na samaki, nawaosha, nawachanja ubavuni, nawatia chumvi, nawaacha kwa ungo wakauke maji vizuri juu samaki mwenye maji ndo anarusha mafuta, alafu nawakaangia huko nje, yeye ako kwa grili na nyama yake mimi niko kando yake na fraipani yangu, tunaongea, watoto wanacheza, na tukiingia ndani usiku nyumba inanuka nyumba. Hicho kitu kimenipatia raha kuliko hata ile grili yenyewe. Matumbo pia, ile chemsha ya kwanza yenye harufu kali, yanamalizana na harufu yao huko huko nje.

Ila natumia fraipani yenye chini bapa, si karai. Karai chini yake ni mviringo na zile vyuma za bana ya kando ni ndogo, inakaa ikiyumba, na mafuta ya moto hayataki kitu cha kuyumba. Mafuta naweka yafike nusu ya samaki tu. Kijitabu chetu kinasema sufuria isizidi upana wa sentimita 25, na grili zingine zinakataza kabisa kukaanga kwa mafuta mengi hapo kando, kwa hivyo soma chako kwanza usinifuate mimi. Na nakuwa na kifuniko cha fraipani hapo karibu, mafuta yakishika moto unazima gesi unafunika, maji usiguse kabisa.

Sasa ugali.

Hapa ndo nilivunjika moyo, juu picha yangu ilikuwa nyama inaiva huku, ugali unaiva pale, tunapakua zote moto moto. Siku ya kwanza tulikuwa watu kumi na wawili. Nimeweka sufuria, maji yamechemka, nimetia unga, nimeanza kusonga, na ile rafu ikaanza kucheza. Ugali wa watu kumi na wawili unaujua, unausukuma na mwiko kwa mabega yote, unaukandamiza kwa ubavu wa sufuria, na ile rafu imeshikwa na skrubu nne tu kwa ubavu wa grili, chini yake hakuna mguu, ni hewa. Sufuria ikateleza. Nikaishika na kitambaa ikiwa imeshainama, uji wa moto ukamwagika kwa saruji hatua moja hivi kutoka mahali mtoto wa dada yangu alikuwa amesimama. Hakuchomeka, namshukuru Mungu kwa hiyo, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni. Mama mkwe alikuwa ameketi pale akaniambia, nyathina (mtoto wangu), ugali haupikiwi kitu kinatingika. Akaingia ndani mwenyewe akaumalizia kwa jiko la kawaida.

Baadaye tulipeleka vipimo kwa fundi wa jua kali Kibuye, akatukatia chuma akachomelea mguu mmoja unasimama kutoka rafu hadi chini, tulilipa mia nane. Sai iko imara, nyama ya mchuzi nakoroga bila wasiwasi. Lakini ugali mkubwa sijawahi kuurudisha pale na sitaurudisha.

Upepo nao mtu wa Kisumu anaujua, asubuhi kumetulia kabisa alafu baada ya chakula cha mchana unaanza kuvuma kutoka ziwani. Zile bana kubwa za grili zimejificha ndani ya kifuniko hazisikii kitu, lakini ya kando iko wazi juu ya rafu, moto unalala upande mmoja na joto lote linaenda kwa jirani. Maji lita mbili ambayo asubuhi yanachemka kama dakika kumi, saa tisa mchana nimewahi kuyangoja karibu nusu saa. Dawa niliyopata ni kuzungusha grili yote mpaka kifuniko cha ile bana kikifunguliwa kinasimama kama ukuta upande wa upepo. Shemeji mmoja alitaka tuizungushie mabati pande zote na mtungi ukiwa ndani, hiyo nilikataa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inatulia chini, ukiifungia hapo na moto uko juu yake unatafuta msiba.

Kuhusu kula gesi, watu wengi wananiuliza hiyo kwanza. Bana yetu ya kando imeandikwa kilowati 3, na zile bana tatu za ndani ni 3 kila moja. Kilo moja ya gesi inabeba kama kilowati 12.8 za saa moja, kwa hivyo ile ya kando ukiifungua mpaka mwisho inakula karibu robo kilo kwa saa, na zile tatu za ndani zikiwaka kabisa ni kama kilo 0.7 kwa saa. Maanake ukitaka kuchemsha kitu kimoja, kuwasha ya kando peke yake ni nafuu sana kuliko kuwasha grili nzima uweke sufuria juu ya nyavu, kitu ambacho nilikuwa nafanya kwa grili ya dada yangu nikidhani ni sawa. Kuku wa kienyeji yule mgumu naye namchemsha hapo kando moto mdogo masaa mawili ndo aende kwa grili kupata rangi, na haimalizi hata nusu kilo.

Shida ni wakati zote zinawaka pamoja na mtungi ni ule mdogo wa kilo 6. Krismasi ya kwanza tulifanya hivyo, baada ya muda moto wote ukashuka, ukawa wa kusinzia, mzee akadhani gesi imeisha akaenda kuinua mtungi, akapata ni mzito bado na nje umetoa jasho, baridi kabisa. Kumbe gesi iko ndani kama maji, na ili igeuke hewa inahitaji joto, inalivuta kutoka kwa mtungi wenyewe, mtungi mdogo ukivutwa na bana nne kwa mpigo unapoa na nguvu inaisha. Tulizima mbili tukangoja. Tangu hapo tunatumia wa kilo 13 na hiyo shida haijarudi. Kama bajeti yako ni ya mtungi mdogo, weka hiyo kwa hesabu kabla hujaongeza bana ya nne.

Matunzo, naenda haraka hapa ila kuna moja sitaki mtu apite. Baada ya mvua ya masika tulikaa kama mwezi bila kuwasha ya kando. Siku nimewasha, moto ulikuwa wa manjano, unapaka sufuria masizi, na nasikia harufu ya gesi chini ya nobu. Nikazima mara moja, nikafunga na mtungi. Tulipoitoa tukapata buibui amejenga utando ndani ya ile paipu fupi inayochanganya gesi na hewa. Gesi ikizuiwa hapo inarudi nyuma, na inaweza kuwaka mahali mkono wako uko. Buibui wanapenda hizo paipu, na ya kando ndo inaathirika zaidi juu haiwashwi kila mara. Sasa kila nikikaa wiki tatu bila kuitumia napitisha brashi nyembamba kwanza. Na kila tukibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwa maungio, yakitoa mapovu unajua kuna mahali panavuja, na kumbuka bana ya kando imekuongezea maungio mengine ambayo grili ya kawaida haina. Wale wadudu wa ziwa wakija na mawingu yao usiku usiache kifuniko wazi, wanajaa kwa vitobo vya bana, lakini pia usikifunge kama moto unawaka ama chuma bado ni cha moto. Kile kitufe cha kuwashia kilikufa mwezi wa nane, nikabadilisha betri hakikurudi, nawasha na kiberiti kirefu, kiberiti kwanza alafu nobu.

Sasa turudi kwa shemeji. Kwake wako na meko ya kilo 6, ile bana inafungwa juu ya mtungi wenyewe, na iko sawa kabisa. Meko inakaa chini, haitingiki, inabeba sufuria kubwa, unaweza kusonga ugali wa watu ishirini umeketi kwa kiti chako, na unaibeba kwa mkono mmoja unaiweka popote upepo haufiki. Kila kitu bana ya kando inafanya, meko yake inafanya, na ugali inafanya vizuri zaidi. Pia samaki kwao ni mara moja moja, wao ni watu wa kuku, na jikoni yao imejengwa nje ya nyumba, harufu si shida. Kwa hivyo nimemwambia wazi asiongeze hiyo elfu saba, aiweke kwa mtungi wa kilo 13 na kifuniko kizuri cha mvua, juu Kakamega mvua haichezi na hizi grili zinashika kutu haraka.

Sisi je, tungenunua tena? Ndiyo, bila kufikiria mara mbili, kwa nyumba kama yetu yenye jikoni ndani ya sebule na samaki kila wiki. Meko tungeweza kutumia nje, ni kweli, lakini yetu ndo jiko la ndani la kila siku na sitaki kubeba mtungi nikitoka na nikiingia.

Jana usiku amenipigia tena, bado anaitaka, anasema imependeza na bibi yake ameipenda. Sawa. Basi nimemwambia akifika dukani asiangalie ile bana kwanza, ashike rafu kwa mikono miwili aisukume chini na kando kwa nguvu zote za kusonga ugali, kijana wa duka aone anachofanya, na ikicheza hata kidogo aiache hapo hapo aulize ingine.