Programu ya kuhariri picha za RAW: ipi ulipie, ipi uchukue bure, na ufanye nini ikigoma

Mpiga picha anayerudi kutoka harusini na picha 1,200 za RAW (faili ghafi za kamera, kabla hazijageuzwa JPEG) kwenye kadi ana maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kulipia programu yoyote. Je, inafungua faili za kamera yangu? Je, kompyuta yangu itaibeba? Na mwezi nisipokuwa na hela, kazi zangu zitabaki mikononi mwangu? Orodha hii nimeipanga kwa maswali hayo, nikimfikiria mtu wa harusi, send-off na mahafali mwenye kompyuta ya kawaida ya RAM ya GB 16.

Anza na ya bure kutoka kwa waliotengeneza kamera yako. Canon wanayo Digital Photo Professional, Nikon wanayo NX Studio iliyotoka 2021. Zote zinaonyesha rangi karibu sawa na ulivyoziona nyuma ya kamera. Kwa mamia ya picha zitakuchosha, lakini usizifute: picha ikiwa nzuri humo na mbaya kwingine, unajua kamera haina kosa.

1. Lightroom Classic ya Adobe. Kwa kazi ya kulipwa naiweka ya kwanza, na sababu ni kasi. Unachagua picha kwa kibodi, unarekebisha moja ya ukumbini, kisha unanakili marekebisho hayo kwa nyingine 80 zilizopigwa chini ya taa zilezile. Tangu 2021 inamtambua mtu aliye pichani na kumtenga na mandhari ya nyuma, kwa hiyo unaweza kung'arisha uso wa bibi harusi bila kuunguza shela. Hapa ndipo RAW inapolipa. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384. Ngozi nyeusi karibu na kitambaa cheupe, chini ya taa ya zambarau, inahitaji ngazi hizo zote.

Ubaya wake ni malipo yasiyoisha. Toleo la mwisho la kununua moja kwa moja lilikuwa Lightroom 6 la 2015. Mpango wa dola 10 kwa mwezi wenye GB 20 za hifadhi ya mtandaoni ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, kwa hiyo angalia bei ya leo kabla ya kumpangia mteja bei yako. Ukiacha kulipa, katalogi (faili ambamo Lightroom huweka orodha ya picha na marekebisho yake) bado inafunguka na unaweza kutoa JPEG, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Hakikisha pia unachukua Classic. Lightroom ile nyingine, isiyo na neno Classic, imejengwa juu ya hifadhi ya mtandaoni, na picha 1,200 za MB 25 kila moja ni GB 30. Bando litakatika kabla harusi moja haijamaliza kupanda.

Usiweke iliyochakachuliwa. Faili za kuvunjia leseni hukutaka uzime kinga ya virusi, na kwenye kompyuta hiyo ndiko zilipo picha za familia za watu waliokuamini.

2. darktable. Ya bure kabisa, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na toleo jipya hutoka karibu kila Juni na Desemba. Marekebisho yako yanaandikwa kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya picha, kwa hiyo hata kompyuta ikifa, ukihamisha folda nzima umehamisha na kazi yako. Nasikitika inavyodharauliwa kwa kuwa haina bei. Tatizo lake ni kwamba haifikirii kama Lightroom, na anayeingia akitafuta vitufe vilevile ataikimbia siku ya kwanza. Anza na vichache: mwanga, mizani ya weupe, na moduli ya sigmoid ya kupanga ukali wa mwanga na kivuli. Bila kadi nzuri ya grafiki inakuwa nzito. Ikikushinda kwa uzito, jaribu RawTherapee, nayo ya bure.

3. DxO PhotoLab. Unanunua mara moja na inabaki yako. Ukipiga sana usiku kwa ISO kubwa (kamera ikiwa imeongezewa wepesi wa kunasa mwanga), zana yake ya DeepPRIME husafisha chengachenga kwa namna ambayo ngozi haibaki kama plastiki. Lakini inafungua kamera zilizo kwenye orodha yao tu. Tafuta ya kwako humo, kisha tumia kipindi cha majaribio kabla ya kutoa shilingi.

4. Capture One. Ni nzuri mno kwa studio, kamera ikiwa imeunganishwa kwa waya na mteja anatazama kwenye skrini. Ina zana maalumu ya kusawazisha rangi ya ngozi. Kwa bei yake, wa harusi anaweza kuishi bila hiyo.

Ikigoma

Picha inaonekana nzuri sekunde moja, kisha inapauka. Haijaharibika. Ulichoona kwanza ni JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya RAW; kilichofuata ni tafsiri ya programu yenyewe. Kwenye Lightroom badilisha profaili kutoka Adobe Color kwenda zile za Camera Matching.

Faili halifunguki kabisa. Mara nyingi kamera ni mpya kuliko programu. Sasisha, au pitisha faili kwenye Adobe DNG Converter, programu ya bure inayoligeuza kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe. Wenye Nikon Z8 na Z9 wanaotumia darktable wasipige kwa High Efficiency, namna mojawapo ya kamera kubana faili za RAW. Wachague Lossless compressed kwenye menyu ya kamera.

Mistari ya waridi au vipande vyeusi. Fungua faili hilohilo kwenye programu ya mtengenezaji. Vikiwemo pia, nakili upya kutoka kwenye kadi kwa kisomaji kingine, na kadi hiyo usiifomati kwanza. Visipokuwemo, zima matumizi ya kadi ya grafiki kwenye mipangilio, kisha sasisha draiva zake.

Programu inakokota miguu. Kwenye Lightroom tengeneza Smart Previews, picha nyepesi zenye upande mrefu wa pikseli 2,560, na uiambie ihariri kwa hizo badala ya faili halisi. Katalogi ikae kwenye SSD, diski ya kasi. Picha zenyewe zinaweza kukaa kwenye diski ya nje.

Alama ya kuuliza juu ya folda. Umeihamisha au kuibadilisha jina nje ya Lightroom. Bofya kulia, chagua Find Missing Folder, uionyeshe ilipo. Usiingize picha upya, maana marekebisho yako hayatafuatana nazo.

Umeme umekatika na katalogi haifunguki. Funga programu, tafuta kando ya katalogi faili lenye jina linaloishia na .lock, lifute, kisha fungua tena. Ikisema katalogi imeharibika, rudi kwenye nakala rudufu ya karibuni. Na hili ndilo linalowaumiza wengi: nakala ambayo Lightroom inakuomba kuhifadhi unapofunga ni ya katalogi peke yake. Picha hazimo. Diski ikifa utabaki na orodha ndefu ya marekebisho ya faili zisizokuwepo, kwa hiyo bei ya diski ya pili ya nje iingize kwenye bajeti ileile ya programu, na kadi usizifomati mpaka picha ziwe kwenye diski zote mbili.